Kinga ya meno ya kupimiwa kwa kijana anayecheza kikapu: yaliyonikuta mimi

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kumpeleka kijana wako wa miaka 13 kwa daktari wa meno akapimiwe kinga ya kuchezea kikapu, wakati dukani zipo zile za kuchemsha kwa bei ya sahani mbili za chipsi kuku. Kuna mdau hapo juu kakujibu kwamba kinga za meno ni za mabondia, kikapu hakihitaji. Huyo ndiye aliyenifanya niandike, maana mimi jino limenitoka kwenye kikapu.

Yalikuwa mazoezi tu ya Jumamosi asubuhi, si ligi wala fainali. Mpira uligonga ubao, tukaruka watatu, na mwenzangu wa timu moja akaudaka akageuka nao, viwiko nje, kama tunavyofundishwa wote. Kiwiko kikanipata chini ya pua. Maumivu hayakuja mara moja. Kilichonishtua ni ulimi kupita mahali ambapo siku zote unagonga ukuta. Jino la mbele la juu lilikuwa sakafuni na mzizi wake wote, refu kuliko nilivyowahi kudhani. La jirani yake lilibaki linacheza.

Kuanzia hapo tulikosea kila hatua. Mmoja aliliokota akaenda kulisugua bombani kwa sabuni mpaka likang'aa, akaniletea limeviringishwa kwenye karatasi ya chooni, nami nikalitia mfukoni. Zahanati ya kwanza haikuwa na mtu wa meno, ya pili tulikuta wamefunga, na nilipompata daktari yalikuwa yamepita masaa zaidi ya matatu. Alilirudisha, akalifunga kwa waya mwembamba pamoja na wenzake, ila hakunificha: juu ya mzizi kuna utando wenye chembe hai, ndio unaolishikiza jino kwenye mfupa, na wa kwangu ulishasuguliwa na kukauka. Jino lilishika kweli, lakini kwa kugandana na mfupa, na mfupa ukaanza kuula mzizi kidogo kidogo. Ukiligonga kwa kijiko lilikuwa na mlio wake peke yake, mkali, kama kikombe cha kaure. Mwaka wa tano likakatika. La jirani lilikufa, likageuka rangi ya kijivu, likasafishwa mzizi na kujazwa ule utomvu mgumu wa mti unaoitwa gutta-percha. Nilikuja kusoma baadaye kwamba kinga za kwanza za meno, alizowatengenezea mabondia daktari wa meno wa London aitwaye Woolf Krause miaka ya 1890, zilikuwa za gutta-percha hiyo hiyo. Mimi niliipata kwa kuchelewa, na mahali pasipo pake.

Sasa swali lako. Ile ya kuchemsha nimeitumia msimu mzima, kwa hiyo siisemi kwa kusikia. Unaitumbukiza kwenye maji ya moto, inalainika, unaiweka mdomoni na kuing'ata ishike umbo la meno. Tatizo liko hapo kwenye kung'ata. Ukibana sana, meno ya chini yanaizamia na inabaki nyembamba hasa pale unapoihitaji. Ukibana kidogo, haishiki. Yangu haikushika, kwa hiyo ili isidondoke ilinibidi niume meno muda wote. Jaribu kukimbia uwanja mzima huku umeuma meno, halafu uite "skrini kushoto!" Kufikia mechi ya tatu ilikuwa inakaa kwenye soksi. Kufikia ya sita inabaki nyumbani. Kinga iliyobaki nyumbani ni sawa na kutonunua, na kwa mtazamo wangu hii ndiyo tofauti kubwa kati ya hizi mbili. Watu wanabishana kuhusu ubora wa plastiki wakati plastiki yenyewe mara nyingi ni ile ile, EVA, jamaa ya ile ya soli za raba. Kinachotofautiana ni kukaa.

Ya kupimiwa inatengenezwa hivi. Daktari anakoroga unga na maji mpaka unakuwa kama uji mzito wa ulezi, anaujaza kwenye kijisinia chenye umbo la taya, anakubandika meno ya juu. Dakika mbili tatu unapumua kwa pua na kuomba usitapike (mwambie dogo ainamishe kichwa mbele, inasaidia). Ukiganda anautoa, anamimina plasta, anapata mfano wa meno yako. Fundi wa maabara anapasha shiti la EVA moto mpaka linanepa, analilaza juu ya mfano huo, na mashine inalivuta au kulikandamiza lishike kila bonde. Muulizeni mapema: mbele ya meno itabaki nene kiasi gani? Shiti likivutwa hupungua, na kinachotakiwa kubaki pale mbele ni kama milimita 3. Fundi mzuri anaweza kuunganisha mashiti mawili ili kufikia hapo.

Siku ya kuichukua msikubali kuondoka haraka. Kijana aivae, afungue mdomo wazi kabisa, atikise kichwa. Isidondoke. Aongee, ahesabu moja hadi kumi. Anywe maji. Ang'ate taratibu, na meno ya chini yaiguse kulia na kushoto kwa pamoja. Yangu ilikuwa inakwaruza ule uzi wa nyama unaounganisha mdomo wa juu na fizi. Nilidhani nitazoea, kikatoka kidonda, nikarudi, ikapunguzwa ukingo kwa dakika moja. Mate yatamjaa wiki ya kwanza, hayo yanaisha.

Bei, kwangu ilikaribia bei ya viatu vizuri vya kikapu. Lile daraja la meno nililovaa sasa kuziba pengo lilizidi hapo mara kadhaa, na meno mawili ya pembeni yalichongwa ili kulishikilia.

Lakini sitakudanganya kuhusu umri wake. Miaka 13 kinywa bado kinabadilika, magego ya pili ndiyo yanamalizia kuota, taya linakua. Ya kupimiwa leo inaweza kumbana mwakani, kwa hiyo hesabu kuibadilisha, na umwambie daktari kwamba bado anakua ili aache nafasi panapohitajika. Kama mfuko hauruhusu sasa hivi, mnunulie ya kuchemsha nzuri, simama naye jikoni uifanye kwa kufuata maelekezo, urudie ikiwa haikushika. Ni bora kuliko mdomo mtupu. Isipokuwa kama amefungwa waya za kunyoosha meno: hapo usithubutu kuchemsha kitu na kukibandika juu ya waya, nenda kwa daktari moja kwa moja.

Atunze. Maji baridi, mswaki na sabuni kidogo, kisha kwenye kiboksi chenye matundu. Maji ya moto yanaipinda, na dashibodi ya gari Dar mwezi wa pili ni jiko. Yangu ya kwanza ya kupimiwa nilikuta imejikunja kama ganda la chungwa. Na asiitafune! Vijana wanamwona Stephen Curry, yule nyota wa kikapu wa Marekani, akiining'iniza pembeni ya mdomo na kuitafuna kwenye mitupo huru, wanaiga. Iliyotafunwa inakuwa nyembamba, tena iko nje ya meno wakati kiwiko kinafika.

Halafu asidhani imemkinga ubongo. Inakinga meno, midomo na inapunguza mshindo wa pigo la kidevuni. Hata kinga zenye vihisi ambazo World Rugby, shirikisho la raga duniani, imezileta kwenye raga ya ngazi ya juu tangu 2024 kazi yake ni kupima nguvu ya mapigo ya kichwa ili mchezaji atolewe akachunguzwe. Akigongwa kichwa akaona kizunguzungu, akae nje, kinga au bila kinga.

Na mfundishe yeye na kocha wake kile ambacho sisi hatukukijua. Jino la ukubwani likitoka zima, lishike upande mweupe wa kutafunia, usiguse mzizi. Likiwa limechafuka, limwagie maziwa au maji safi sekunde chache tu bila kusugua, lirudishe palepale kwenye tundu lake, ang'ate kitambaa safi, mkimbilie kwa daktari wa meno. Mkishindwa kulirudisha, litieni kwenye maziwa baridi, na kila dakika ina thamani: nusu saa ni afadhali sana kuliko saa nzima. Jino la utoto halirudishwi, hilo acheni.

Ndiyo maana kwenye begi langu la mazoezi, pembeni ya kiboksi cha kinga, kuna pakiti ndogo ya maziwa yasiyo na ladha. Mpaka sasa imefunguliwa mara mbili, na mara zote mbili ni wajinga wa timu yangu walikuwa na njaa.