Ploti Haitakimbia

Nairobi ni mji wa kesho. Panda matatu ya asubuhi kutoka Rongai, Kayole au Githurai, utege sikio: ploti ya Joska, masomo ya jioni, viza ya Kanada, nyumba ya wazazi kule mashambani. "Jipange" imekuwa kama salamu. Sina ugomvi na hayo. Mimi mwenyewe ninalipia ploti polepole huko Kamulu, futi hamsini kwa mia. Ninachokataa ni kesho isiyo na bei. Ukisema tu kwamba unaweka akiba, bila kujua kiasi gani na mpaka lini, hata soda itakukaba kooni.

Kwa hivyo anza na hesabu. Ipe kesho fungu lake, likatwe kabla hujaushika mshahara. Mimi nakatwa 5,000 za sacco, chama chetu cha akiba na mikopo, kila mwezi, kule kule kazini. Kwa mwaka ni 60,000, na kwa kuwa sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, hapo unaweza kuomba 180,000 ukipata wadhamini. Wengi pia husahau NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii: aliyeajiriwa hukatwa asilimia 6 hadi kikomo kilichowekwa, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Nikisoma karatasi yangu ya mshahara naona kesho imeshakula, tena imeshiba. Kinachobaki baada ya kodi ya nyumba, nauli na karo ni cha leo, na simwombi mtu radhi nikikitumia.

Leo nayo ipangie siku, la sivyo itamezwa na uchovu. Kwetu ni Jumamosi baada ya mshahara, Kenyatta Market. Unawapita kina dada wa ususi wanaokuita kwa majina matamu, unaingia upande wa nyama. Unachagua mbavu zikiwa bado zinaning'inia, zinapimwa, kisha mnakaa kwenye benchi kungoja. Mimi hufuata kule kungoja kuliko nyama yenyewe. Ndipo kijana wangu wa kidato cha pili, ambaye nyumbani hujibu kwa mabega tu, huanza kusimulia mambo ya shule bila kuulizwa. Nyama ikija, kisu kinagonga ubao, chumvi rundo moja pembeni, kachumbari, ugali wa moto. Hakuna anayeshika simu, mikono yote ina mafuta.

Mwezi ukiwa mgumu tunakwenda msitu wa Karura. Kiingilio si kikubwa, na chai tunabeba kwa chupa. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti kwenye msitu huo, wakiuzuia usigawanywe viwanja. Ile kesho waliyoipigania ndiyo hii, na kuna wakazi wa Nairobi ambao hawajawahi kuingia kwa sababu wako bize na viwanja vyao.

Najua utaniambia mchumia juani hulia kivulini. Sawa, lakini methali haijasema kivuli kinaanza saa ngapi.

Mambo mawili yakigongana, mimi hujiuliza swali moja: lipi litaningoja? Ploti ya kulipia kwa awamu hungoja. Ukiwahi kuzungumza na muuzaji kabla ya tarehe, mara nyingi mtaelewana, ila hakikisha mkataba unasema hivyo. Kozi ina muhula mwingine. Mama aliyeko mashambani, anayeuliza kila Jumapili utakuja lini, usimweke kwenye foleni nyuma ya mabati na saruji. Nauli ya kwenda kumwona iingie kwenye bajeti kama kodi ya nyumba inavyoingia, si kama pesa za starehe.

Ushauri huu haumfai kila mtu. Kama unadaiwa na programu za mikopo ya simu, sahau Kenyatta Market kwa muda na usimamishe pia nyongeza zozote za hiari kwenye akiba. Mikopo ile mingi ni ya muda mfupi, na ada yake ukiipiga kwa mwaka mzima utashika kichwa. Hakuna gawio la sacco linaloweza kuifikia. Maliza deni, futa programu, kisha uanze na fungu dogo, hata la 500.