Nta ya mshumaa: usiiguse ingali ya moto

Juzi saa tano usiku dada mmoja wa Sengerema aliniandikia: "Dada, mshumaa umenimwagikia kwenye kochi jipya. Nimefuta kwa kitambaa cha maji ya moto, sasa imekuwa ramani. Nifanyeje?" Nilikuwa nimeshalala, nikaamka nikakaa. Ramani hiyo naijua inavyouma.

Nitakujibu, dada, ila nianze na yangu.

Tulikuwa tumepanga Bugarika, Mwanza, kwenye nyumba zile za juu ya mawe, ambako mvua ya kutoka ziwani hutanguliwa na upepo. Mama mkwe alikuwa ametupa meza ya mninga aliyochongewa alipoolewa. Sikuwahi kupewa kitu kikubwa kama kile. Jioni hiyo wakwe wametoka Ukerewe, wamejaa sebuleni, sato wako jikoni, umeme ukakatika. Nikawasha mshumaa, nikadondosha nta kidogo mezani nikausimamisha hapo, kama tunavyofanya wote. Dirisha nikaliacha wazi. Mshumaa ukipigwa na upepo hauyeyuki sawasawa, unalia upande mmoja tu. Niliporudi na sinia, nta ilikuwa imetandaa mezani mpaka ukingoni.

Nikashikwa na hofu. Nikavuta khanga kiunoni nikafuta, ikasambaa. Nikamimina maji ya chupa ya chai, vanishi ikafanya doa jeupe kama ukungu. Nikachukua kisu. Hapo ndipo wifi yangu aliposema, mbele ya wageni wote: "Mama kakupa meza, wewe unaipara kama samaki." Watu wakacheka. Mama mkwe hakusema neno, akageuza uso kuangalia dirishani. Ni miaka saba sasa, na ule uso bado nauona.

Aliyenifundisha ni jirani yetu fundi wa batiki. Yeye anaishi na nta: anaichora kwenye kitambaa, anatia rangi, halafu anakichovya kitambaa kwenye maji yanayochemka, nta inaachia na kuelea juu. Yakipoa anaiokota ikiwa utando mgumu, anaitumia tena. Nilipomsimulia habari ya meza akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, nta haiogopi maji, inaogopa joto na baridi. Wewe uliipa joto mahali ilipohitaji baridi."

Ndiyo siri yote. Nta ya mishumaa ya dukani kwa kawaida ni parafini, inayotokana na mafuta ghafi ya petroli, ndiyo maana maji na sabuni haviiyeyushi. Inayeyuka kwenye nyuzi joto kama 50 hadi 65 hivi. Ukiifuta ingali ya moto unaisukuma tu iingie ndani zaidi. Kwa hiyo iache. Zima mshumaa, kaa chini, iache iwe ngumu. Kama jirani anauza barafu, nunua moja, iweke ikiwa ndani ya mfuko wake juu ya nta kwa dakika chache. Kisha ibandue kwa kadi ngumu ya plastiki, ile inayobaki ukishatoa laini ya simu. Si kisu. Kwenye mbao fuata mistari ya mbao, halafu malizia kwa kitambaa laini chenye maji ya vuguvugu na sabuni, kausha papo hapo. Sakafu ya saruji na vigae ni hivyo hivyo, havisumbui.

Nguo ndiyo inahitaji joto, lakini mwishoni, baada ya kubandua. Chukua mfuko wa kaki, ile mifuko ya dukani isiyo na maandishi, weka kipande chini ya doa na kingine juu, pitisha pasi ya vuguvugu. Karatasi itanyonya nta, utaiona inang'aa kama iliyowekewa maandazi. Badilisha karatasi mpaka itoke kavu. Gazeti usitumie, wino wake utahamia kwenye nguo.

Jumamosi iliyopita sala ya jumuiya ilikuwa kwa wifi huyo huyo, mtaani kwake Nyakato. Kitambaa cheupe cha kudarizi, msalaba, mishumaa miwili. Mtoto akavuta kitambaa, mshumaa ukalala, nta ikamwagika. Wanawake wanne wakainuka na leso zao. Nikasema, "Kiacheni! Kiacheni kipoe." Walinishangaa, lakini wakaacha. Baada ya sala nikaomba barafu, kadi, kaki na pasi. Karatasi ya tatu ilitoka kavu. Wifi alikiinua kitambaa kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza mara mbili, akasema, "Wifi, hebu nioneshe tena hapo kwenye karatasi." Moyo wangu ulijaa, sitaficha.

Wanawake wenzangu, tunaharibu vitu vingi kwa mikono yenye haraka. Tunataka doa litoke kabla mtu hajaliona, na aibu ndiyo inayotutuma kisu. Mwenye nyumba asione, mkwe asione. Acheni aone! Nta iliyoganda haiendi popote. Jifunzeni kukaa na kitu kibaya kwa dakika kumi bila kukigusa.

Sasa dada wa Sengerema. Kochi lako umeshalitia maji ya moto, kwa hiyo liache likauke kabisa kwanza. Barafu, kadi, kisha kaki na pasi ya moto mdogo sana. Kama kitambaa chake ni cha manyoya au nailoni, pasi isiguse kabisa: azima draya ya saluni, pasha kwa mbali huku ukikandamiza kaki. Mshumaa kama ulikuwa wa rangi, rangi itabaki. Jaribu spiriti kidogo kwa pamba, kwanza nyuma ya kochi pasipoonekana. Mafuta ya taa yanaiyeyusha nta kweli, lakini kwenye sponji harufu haitoki, na usiku mwingine ukiwasha mshumaa karibu nalo ni hatari. Na nta uliyobandua itupe kwenye taka, usiimwage sinki, itagandia kwenye bomba.