Alizeti chotara: mbona vichwa vingine havina chavua?

SWALI: Msimu uliopita nilipanda mbegu chotara za alizeti nikavuna vizuri. Safari hii nimepanda mbegu nilizobakiza kutoka kwenye mavuno hayo. Mimea imepishana urefu, na vichwa vingine havina ule unga wa njano. Ni ugonjwa? Naweza kuitumia mimea hiyo kuzalisha chotara wangu? – Mkulima, Handeni, Tanga

JIBU: Si ugonjwa, ni utasa wa kiume, yaani mmea hautoi chavua, ule unga wa njano. Ili kupata mbegu chotara, mmea mama lazima uchavushwe na baba wa aina nyingine, usijichavushe wenyewe. Kichwa kimoja cha alizeti kina mamia ya maua madogo, na kuyang'oa stameni (sehemu zinazotoa chavua) kwa mkono shamba zima haiwezekani. Wazalishaji hutumia mmea mama usiotoa chavua. Utasa huo umo kwenye mitokondria (sehemu ndogo za seli zenye urithi wake, zitokazo kwa mama), kwa hiyo hurithiwa kwa mama tu. Ulitangazwa Ufaransa mwaka 1969, ukitokana na alizeti ya porini, Helianthus petiolaris. Mmea baba huleta jeni inayorudisha chavua. Mmea chotara huwa na nakala moja tu ya jeni hiyo, ndiyo maana katika uzao wake takriban mmea mmoja kati ya minne hutoka tasa.

Hasara yako lakini haiko hapo. Kichwa tasa hujaza mbegu vizuri tu, mradi nyuki wakiletee chavua ya jirani. Mavuno yanashuka kwa sababu nguvu ya uchotara imepungua na mimea haifanani tena.

Kuzalisha chotara kutokana na hiyo mimea tasa? Hapana. Kila mmoja una urithi wake. Mama wa kweli hutunzwa kwa kuchavushwa na pacha wake mwenye chavua asiye na jeni ya kurudisha, na pacha huyo huna. Hata mwenye koo zote tatu (mama, pacha wake na baba) ana kazi: shamba likae kilomita kadhaa mbali na alizeti nyingine, baba na mama wachanue pamoja (anayechelewa hutangulizwa kupandwa), mizinga iwepo. Kila asubuhi mistari ya mama hukaguliwa kwa kupitisha kidole kichwani. Kikitoka na unga, mmea hukatwa na kutolewa nje ya shamba, maana kichwa kilichoachwa chini bado hupukutisha chavua. Baba hukatwa mara amalizapo kuchanua, mbegu zisichanganyike. (Alizeti pori ya kando ya barabara isikutishe, ni Tithonia, mmea mwingine, haizaliani na alizeti.)

Ukitaka kubakiza mbegu, panda Record, aina ya alizeti ambayo si chotara, na uchague vichwa vya katikati ya shamba.