Jibu: andiko la kuomba nafasi ya utafiti, habari na siasa

Mdogo wangu, umesema una miaka sita redioni hapa Mbeya, unaomba nafasi ya mtafiti chuo kikuu cha nje, na mada yako ni "Vyombo vya habari na demokrasia Afrika". Ipunguze, tafadhali. Hiyo haiishi hata mkiwa watu ishirini.

Wewe una kitu ambacho wenzako wengi hawana. Umekaa studio saa moja asubuhi, simu zinaingia kutoka Uyole, Mbalizi, Tukuyu; mkulima wa viazi analalamikia bei ya mbolea, dakika mbili baadaye diwani anapiga kujibu. Andika hilo! Swali moja tu: tangu Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, mtangazaji wa redio ya mkoani anaamuaje simu ipi ya kisiasa iende hewani na ipi ikatwe? Watu wa kuwahoji unao, na miezi michache inatosha.

Reuters Institute, taasisi ya utafiti wa uandishi wa habari pale Chuo Kikuu cha Oxford, wana nafasi mahsusi kwa waandishi walio kazini, kwa hiyo usijifiche nyuma ya istilahi nzito. Uzoefu wako ndio hoja.

Wadhamini, yaani watu watakaokuandikia barua za kukupendekeza, waombe leo. Mimi nilimpa mwalimu wangu siku tatu, akaniandikia mistari minne isiyosema lolote, na nafasi ikanipita. Iliniuma sana. Wewe mpe kila mdhamini mwezi mzima, na umtumie andiko pamoja na wasifu wako.

Ukishapunguza mada, iweke hapa niisome.