Unaetaka kuuza kombe, anza na maji

Assalam aleykum wapenzi. Juzi nimepata meseji ya mdogo wangu mmoja wa Pemba, kaniuliza "dada na mie nataka kuyauzia mahoteli kombe wa pwani, nianzie wapi?" Nimekaa nayo siku tatu maana imenigusa pahala. Najua wengi mnaonisoma ndoto yenu ndo hiyohiyo, kutoka kuuza kwa fungu mpaka kuuza kwa kilo na risiti juu, basi nakwambieni nilikopita.

Mimi mtoto wa mwani. Mama yangu kaanza nao tangu kilimo kilipoingia upande wa Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa hio nimekulia kwenye kamba na tai-tai, vile vikamba vya kufungia mwani. Bei ya mwani iliponichosha nikageukia kombe, bamvua likipwa natoka na kiroba changu, nikapata hoteli moja, sitaitaja. Mara ya tatu tu mpishi mkuu akaniita jikoni, akapasua kombe zangu juu ya sahani nyeupe mbele ya vijana wake wote akanionesha nyuzi ndogo za buluu tumboni. "Mama hizi takataka." Mzigo wote ukarudi. Nimepanda daladala nao mapajani nalia, na wallahi mpaka leo nikipita lile geti moyo unaniuma, si angenambia pembeni.

Lakini rangi ile naijua. Ni kamba yetu ya mwani. Kamba ya plastiki ikipigwa jua na chumvi miezi na miezi inachakaa, inatoa nyuzi, nyuzi zinakatikakatika mpaka zinakua chini ya milimita 5, nyengine huzioni kabisa, na kombe hana pa kukimbilia, maisha yake ni kuvuta maji na kuchuja kilichomo. Samaki tunamtumbua, kombe tunamla na tumbo lake. Na si kwangu tu, utafiti wa fukwe za Tanzania uliotoka 2020 ulikuta plastiki hizi mchangani na ndani ya kombe vilevile. Sisi Zanzibar tumepiga marufuku mifuko tangu 2006 tukajiona tumemaliza, kumbe kamba, tai-tai, nyavu, viroba, mpaka nyuzi za nguo za poliesta tunazofua, zote zinaishia pwani.

Mwaka uliofata sina la kusimulia. Mwezi huu, alhamdulillah, nimepata mteja mpya, kapasua mwenyewe na mimi nimesimama palepale simwondoshi macho. Kachukua kilo 12 zote. Zote!

Nilichobadilisha ni maji. Siokoti tena karibu na diko la wavuvi wala mtaro wala chini ya kamba za mwani, natembea mbali zaidi, miguu inauma lakini natembea. Nikirudi nawalaza kombe kivulini kwenye maji ya bahari niliyoyachuja kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne, usiku kucha, na maji nabadilisha. Wanafungua, wanatema. Hawatemi yote, na mteja namwambia hivyohivyo, kumdanganya mtu kwenye chakula chake ni dhambi. Kiroba nimeacha, kinanyonyoka nyuzi, nabebea pakacha. Maji, maji, maji, nakukumbusheni tena.

Na nyinyi wenzangu wa mwani, tai-tai ikikatika unaiachia maji ya nani? Pwani ile hatukuinunua, tumeikuta kwa bibi zetu na watoto wetu wanataka kula pale. Kipande kimoja kifungie kwenye ncha ya kanga, ukifika nyumbani kitoe. Na msichome plastiki ufukweni, haiishi, inabaki vipande mchangani.

Mdogo wangu wa Pemba, nijibu basi: unaokota wapi, na jirani yake kuna diko au shamba la mwani? Nitumie picha maji yakiwa yamepwa, ntakwambia uende upande gani.