Washindi wa droo za akiba kutotajwa majina: yaliyonikuta Kisumu

Ndugu uliyeuliza mbona washindi wa pauni milioni wa Premium Bonds, droo ya akiba ya serikali kule Uingereza, hawatajwi majina, na kama kweli wapo: wapo. Wasiwasi wako naufahamu, maana huku kwetu tumezoea mshindi wa jackpoti apigwe picha amekumbatia cheki ya ukubwa wa mlango. Cheki kama hiyo nimewahi kuishika.

Sacco yetu ilifanya droo. Weka elfu tano, usiziguse miezi mitatu, umeingia. Nikashinda 150,000. Kwenye mkutano mkuu mwenyekiti akasoma kwa kipaza sauti majina yangu yote matatu, namba ya uanachama na mtaa ninaokaa. Kufika Kondele, makanga alikuwa ameshaiona picha kwenye WhatsApp: "Mheshimiwa, leo unalipia gari zima." Nikacheka.

Kilichoniponza ni nukta. Cheki iliandikwa 150,000.00, picha ikatoka na ukungu, na watu wa nyumbani Siaya wakasoma milioni kumi na tano. Usiku huohuo baba mdogo akapiga, salamu ndefu kuliko kawaida, kisha akauliza kama nimesikia paa la nyanya linavuja. Wiki iliyofuata nikaletewa kadi ya harambee, jina langu limeshachapwa kama mgeni wa heshima! Nilipoeleza kuwa ni laki moja na nusu tu, na kwamba sehemu yake imeenda kulipa mkopo, nikawa mchoyo na mwongo kwa pamoja. Shemeji yangu hadi leo anaamini nina ploti Nakuru.

Lakini lililoniuma zaidi lilikuwa la binamu yangu. Mwezi mmoja kabla alikuwa ameniomba karo ya mtoto nikamwambia sina kitu. Akapiga hesabu: huingii droo ile bila akiba. Hakunigombeza, alinyamaza tu.

Hapo ndipo droo ya akiba inapotofautiana na kubeti. Aliyeshinda kwa mkeka wa shilingi hamsini ameonyesha bahati yake, basi. Mwenye akiba akitajwa, watu wanajua pia alichokuwa nacho kabla ya kushinda. Premium Bonds kila pauni ni namba moja kwenye droo, na mtu anaruhusiwa kuweka hadi pauni 50,000. Pesa zako hazipotei, ukizitaka unazitoa. Zawadi ndizo zinazosimama badala ya riba. Mwenye namba nyingi ana nafasi zaidi, kwa hiyo ukimtaja mshindi wa milioni huenda umewaonyesha watu nyumba ambayo tayari ilikuwa na kitu.

NS&I, shirika la akiba la serikali ya kule, hutangaza namba iliyoshinda, eneo anakotoka mshindi, kiasi alichowekeza na lini aliinunua. Jina hapana. Kila mwezi washindi wa milioni ni wawili, na hutembelewa na mtu wanayemwita Agent Million. Droo zenyewe zilianza Juni 1957, zawadi ya milioni ikaja 1994. Anayetaka kuhakikisha analinganisha namba zake. Sura ya jirani haimsaidii chochote.

Kampuni ya kubeti inataka sura yako ili wenzako waweke pesa kesho. Chama cha akiba kikikuanika, wenzako wanaanza kuulizia fomu ya kujitoa. Mimi niliichukua, nikaikunja mfukoni karibu mwezi mzima.

Siku hizi mwenyekiti mpya anasoma tarakimu nne za mwisho za namba ya mshindi tu. Desemba iliyopita alipozisoma, mama mmoja mzee aliyekaa kando yangu aliitazama karatasi yake, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la leso. Kisha akaniuliza kama soda za baridi zimebaki. Nikamwendea moja.