Sindano ya baba imekatwa, kapewa vidonge

SWALI: Baba yangu amelazwa kwa nimonia. Alianzishiwa sindano za seftriaksoni na akawa anaendelea vizuri. Siku ya tatu alikuja mfamasia, akasoma faili, akateta na daktari, na jioni sindano ikakatwa. Sasa anapewa vidonge vya amoksilini. Kaka yangu anasema hospitali inabana matumizi. Kwani kazi ya mfamasia si kutoa dawa dirishani? – Binti mwenye wasiwasi

JIBU: Pole kwa kuuguza, binti. Mimi ni mfamasia wa wodini, hivyo ukiona namtetea mwenzangu, nivumilie.

Mgonjwa akifika anahema, daktari hangoji maabara. Humwanzishia dawa inayoua bakteria wa aina nyingi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini makohozi yakishaoteshwa, kwa kawaida baada ya siku mbili tatu, huenda tukajua bakteria ni yupi na dawa gani inamuua. Hapo ndipo ninapofungua faili. Homa imeshuka? Pumzi zimetulia? Anameza bila kutapika? Figo zinafanya kazi vipi, maana dozi nyingi hupangwa kwa kuziangalia? Majibu yakiridhisha, kidonge kinamtosha, na ule mrija wa mkononi unatolewa kabla haujaingiza vijidudu vingine.

Kuna sababu nyingine isiyoonekana kitandani. Seftriaksoni hupiga hata bakteria wa tumboni wasio na kosa, na wanaosalia ni wale sugu, ambao huweza kuhamia kwa mgonjwa wa kitanda cha pili. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika makundi yake matatu ya antibayotiki ya mwaka 2017, limeiweka kwenye zile za kutumiwa kwa uangalizi. Amoksilini imo kwenye zile za kuanzia.

Kuhusu fedha, kaka yako hajakosea sana: kidonge huwa nafuu. Ila mgonjwa ambaye bado anahitaji sindano, hakuna mfamasia makini atakayependekeza aondolewe. Na ni kupendekeza tu. Anayeamua na kusaini ni daktari. Mimi hukataliwa mara kwa mara, wakati mwingine kwa sababu nzuri ambayo hakuna aliyeiandika kwenye faili.

Kabla baba hajaruhusiwa, mwulizeni mfamasia kidonge cha mwisho ni siku gani. Siku za sindano nazo huhesabiwa kwenye dozi, na wengi hawaambiwi. Homa ikirudi au pumzi zikibana, mwiteni muuguzi papo hapo, msingoje daktari apite asubuhi.